Miguu ya Roboti na Ubao wa Dagaa

Katika semina ya mwaka wa tatu niliyoisimamia hivi karibuni, mwanafunzi mmoja alituonyesha video ya mzee wa Kijapani aliyefungwa mkanda mpana kiunoni. Kutoka kwenye mkanda huo zilishuka fremu mbili nyembamba hadi mapajani. Mzee alipoinua mguu, mota ndogo iliyokuwa nyongani iliusukuma mbele, na hatua yake fupi ya kuburura ikageuka hatua ya mtu anayekwenda zake sokoni. Darasa likapiga makofi. Slaidi ya mwisho ilikuwa na maneno mawili tu: Tanzania ijiandae.

Nami nilipiga makofi. Kumwona mtu aliyepoteza mwendo akirudishiwa mwendo wake ni jambo linalogusa moyo, na asiyeguswa nalo ana kasoro nyingine. Lakini nikiwa njiani kurudi nyumbani nilimkumbuka shangazi yangu, na makofi yale yakaanza kunikera.

Shangazi anaishi katika kijiji kimoja cha ukanda wa kaskazini mwa mji wa Kigoma, jirani na hifadhi ya Gombe, mahali ambapo milima imeshuka mpaka majini na njia ya kawaida ya kwenda mjini ni ziwa lenyewe. Kwa zaidi ya miaka arobaini amekuwa mwanika dagaa. Magoti yake yamekwisha. Siku niliyokwenda kumpokea ili nimpeleke hospitali, boti ilisimama mbali kidogo na nchi kavu, kwenye maji ya kufika mapajani, na vijana wa mwaloni wakaingia majini kuwabeba abiria mgongoni kwa malipo. Shangazi alibebwa na kijana wa umri wa mjukuu wake. Mkono mmoja alishika shingo ya kijana, wa pili alishika kanga isipande. Alipowekwa mchangani alinyamaza kwa muda, kisha akaniambia, "Mwanangu, nimeshushwa kama gunia."

Alikosea. Magunia yalishushwa vizuri zaidi. Nyuma yake niliona ubao mrefu, mpana, uliotoka ubavuni mwa boti ukafika nchi kavu, na juu yake wapagazi walikuwa wakipita na magunia ya dagaa wakavu. Nilimwuliza nahodha kwa nini ubao ule hauwekwi kabla abiria hawajaanza kushuka. Alinijibu bila kejeli wala ubaya wowote, kama mtu anayemweleza mgeni desturi ya mahali: "Dagaa wakilowa hawauziki, mwalimu. Bibi akilowa anakauka."

Tangu siku hiyo kila nikisikia neno ubunifu natafuta ubao uko wapi.

Tuizungumzie mashine kwa haki kwanza, maana wanaharakati wetu wana tabia ya kuitukana teknolojia wasiyoijua. Roboti za kuvaliwa ziko za aina mbalimbali. Ipo inayoitwa HAL, iliyotengenezwa na kampuni ya Cyberdyne ya huko Tsukuba, ambayo vitambuzi vyake hubandikwa kwenye ngozi vikanasa ishara dhaifu za umeme ambazo ubongo huzipeleka kwenye misuli. Mtu anapokusudia kuinua mguu, mashine inalipata kusudio hilo na kuusaidia mguu. Honda nao walitengeneza kifaa cha kiunoni chenye uzito wa kilo 2.7, kinachofanya kazi kwa muda wa kama saa moja kwa chaji moja, na kuanzia mwaka 2015 wakakikodisha huko Japani. ReWalk, iliyobuniwa Israeli kwa ajili ya watu waliopooza kutokana na majeraha ya uti wa mgongo, iliidhinishwa Marekani mwaka 2014 kwa matumizi ya nyumbani, na bei yake imekuwa ikitajwa kuanzia dola elfu sabini kwenda juu.

Hizi ni kazi za akili kubwa. Mimi sina ugomvi nazo. Lakini saa moja ya chaji, ndugu msomaji! Boti ya shangazi hutumia saa kadhaa kufika mjini. Betri ingezimika kabla hawajaimaliza pwani ya Gombe.

Mwanafunzi wangu, kama wengi wetu, aliiona mashine na hakuuona uwanja inaposimama. Mzee yule wa kwenye video alikuwa akitembea kwenye sakafu iliyo sawa, ndani ya kituo chenye mtaalamu wa viungo aliyesimama pembeni yake, katika nchi ambayo mwaka 2000 ilianzisha bima ya lazima ya matunzo ya muda mrefu, inayochangiwa na kila mwenye umri wa miaka arobaini na kuendelea. Mwenye kukilipia kifaa yupo, anayekifunga mkanda yupo, na kikiharibika anayekirekebisha yupo. Ukivitoa vitu hivyo vitatu, kitakachobaki mkononi mwako ni mzigo wa kilo 2.7.

Na hata huko kwenyewe mambo hayakwenda kama matangazo yalivyoahidi. Mwanaanthropolojia James Wright, aliyefanya utafiti ndani ya nyumba ya kulelea wazee nchini Japani, alichapisha mwaka 2023 kitabu chenye jina linalojieleza, Robots Won't Save Japan. Aliona kwamba mashine zilizoletwa kupunguza kazi ziliwaongezea watumishi kazi: kuzisogeza, kuzisafisha, kuzichaji, kuzisimamia. Nyingine ziliishia kuwekwa kando. Wajapani wamejifunza hayo kwa fedha yao. Sisi tunataka kujifunza kwa fedha ya nani?

Nilipoyasema haya darasani juma lililofuata, binti mmoja aliyekaa nyuma alinyoosha mkono. "Mwalimu, kwa hiyo sisi tunastahili mkongojo tu? Wao wapate roboti, sisi tuambiwe tuanze na fimbo?"

Swali hilo lilinikaa kooni, na nadhani ndilo swali gumu kuliko yote katika jambo hili. Ipo kweli hadaa ya muda mrefu ya kumwambia Mwafrika kwamba teknolojia inayomfaa ni ile ya bei rahisi, ya kuungaunga, "inayoendana na mazingira". Waliotuambia hivyo kuhusu simu waliumbuka. Mvuvi wa Katonga leo anapokea malipo ya dagaa kwa simu kutoka kwa mnunuzi wa Lubumbashi, bila kusubiri nguzo za simu za mezani ambazo hazikumfikia kamwe. Kwa nini basi mzee asiuruke mkongojo aende moja kwa moja kwenye roboti?

Jibu langu ni kwamba simu iliruka nguzo kwa sababu minara ilijengwa. Mtu aliwekeza, akapata faida, akaendelea kuwekeza. Hakuna aliyemjengea mzee mnara wake. Simdai binti yule atosheke na fimbo. Namwomba aone kuwa mkoa usioweza kumpatia mzee fremu ya alumini ya kutembelea hauwezi kuanza kumpatia ya mota, kwa sababu kinachokosekana katika hali zote mbili ni kitu kilekile: mtu wa kulipa, mtu wa kupima na kurekebisha, na mahali pa kukanyaga. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2016 orodha ya vifaa saidizi 50 vya kipaumbele. Humo imo mikongojo, fremu za kutembelea, viti mwendo, miwani, vifaa vya kusikia. Roboti ya kuvaliwa haimo. Na ripoti ya shirika hilo na UNICEF ya mwaka 2022 ilikadiria kuwa zaidi ya watu bilioni 2.5 duniani wanahitaji angalau kifaa saidizi kimoja, huku katika baadhi ya nchi maskini wanaovipata wakiwa asilimia 3 tu ya wanaovihitaji.

Hospitalini, shangazi alipimwa vizuri na daktari mpole aliyemwambia ukweli: goti la upasuaji lisahau, tumia fremu. Fremu yenyewe haikuwepo. Tuliambiwa tukaitafute Dar es Salaam. Yaani mama asiyeweza kutoka kwenye boti bila kubebwa alielekezwa kilomita zaidi ya elfu moja kutafuta kitu cha kumsaidia kutembea.

Watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu wataniandikia, kama kawaida yao, kwamba Kigoma ni mbali, usafirishaji ni ghali, soko ni dogo. Nawaomba wasinipe jibu hilo, si kwa Kigoma. Mwaka 1913 meli iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika maelfu ya masanduku, ikavuka bahari hadi Dar es Salaam, ikaletwa kwa reli hadi kando ya ziwa hili na kuunganishwa upya. Ikazamishwa na wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924, na tangu 1927 ikaitwa Liemba. Wakoloni walipoitaka meli hapa, umbali haukuwa hoja. Fremu ya alumini ina uzito wa kilo mbili hivi na inakunjwa.

Na Liemba yenyewe, kwa miongo yote iliyotembea kati ya Kigoma na Mpulungu, ilikuwa ikisimama katikati ya maji kwenye vituo vingi, abiria wakiifuata kwa mitumbwi, wakivutwa mikono kupandishwa mlangoni, wajawazito na vikongwe kwa pamoja, usiku na mchana. Watalii waliandika kwamba mandhari ile inasisimua. Bila shaka inasisimua ukiwa na miaka ishirini na mitano na bima ya safari.

Mji wetu unajua sana habari za kubebwa. Ujiji ulikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, na kila kilichofika pale, shanga, nguo, baruti, kilifika juu ya bega au kichwa cha mtu. Pembe za ndovu zilirudi kwa njia hiyohiyo, pamoja na watu waliofungwa minyororo. Mtalii anapelekwa kwenye mnara wa Livingstone akaambiwe habari ya mwaka 1871, Stanley alipomkuta pale. Huambiwa kwa nadra kwamba mwaka 1869 Livingstone aliletwa Ujiji akiwa mgonjwa mahututi, hawezi kutembea, amebebwa na msafara wa wafanyabiashara wa pwani, kisha akavushwa ziwa kwa mtumbwi. Mgonjwa maarufu kuliko wote katika historia ya Ujiji alifika kwa mabega ya watu ambao mnara hauwataji. Zaidi ya miaka 150 imepita. Teknolojia yetu rasmi ya kumhamisha asiyejiweza ingali bega la kijana maskini, na tofauti ni kwamba sasa kijana analipwa papo hapo.

Hapa ndipo hoja yangu inapoondoka kwenye huruma. Tumezoea kuzungumzia magoti ya wazee kama jambo la Mungu: umri umekwenda, mwili umechoka. Kwa wazee wa mwambao huu maelezo hayo ni nusu ya ukweli. Wanawake wa Katonga, Kibirizi na vijiji vya kaskazini wamewaanika dagaa juu ya mchanga kwa vizazi, wakiwa wameinama tangu jua linapochomoza, wakiwageuza, wakiwakusanya mbio mvua inapotishia, kisha wakijitwika ndoo na magunia. Wengine wamepanda na kushuka vilima na madumu ya mawese kichwani. Magoti hayo yalitumika. Yalizalisha bidhaa inayoliwa Dar es Salaam, Lubumbashi na Bujumbura, na kila gunia lilipovuka mwalo lilitozwa ushuru. Halmashauri imechukua ushuru kwenye kazi ya goti la shangazi yangu kwa zaidi ya miaka arobaini. Goti lilipoharibika, likawa la kwake peke yake.

Ndiyo maana naiona chanja kuwa roboti bora kuliko zote zilizowahi kufika Kigoma. Chanja ni nguzo za miti na wavu uliotandazwa juu yake kwa kimo cha kiuno, dagaa wakaanikwa hapo badala ya mchangani. Mwanamke anafanya kazi akiwa amesimama. Mgongo unapona, magoti yanapona, tena bila betri. Lakini tazameni ilivyoingia: ilihubiriwa kwa hoja ya ubora wa dagaa, kwamba wasiwe na mchanga na wapate bei nzuri. Hoja hiyo ni ya kweli. Ila katika mikutano ya uhamasishaji niliyowahi kuhudhuria sikumsikia ofisa hata mmoja akisema, akina mama, hii ni kwa ajili ya migongo yenu. Dagaa alitangulia tena. Mwili wa mwanamke ulinufaika kwa bahati, kama mtu aliyepata kivuli cha mti uliopandwa kwa ajili ya ng'ombe.

Sasa tuje kwenye makaratasi. Nchi hii ina Sera ya Taifa ya Wazee tangu mwaka 2003, nayo imeandikwa kwa lugha nzuri kabisa. Sera haishtakiki mahakamani, na kwa miaka mingi wazee na watetezi wao wamekuwa wakidai sheria. Kuna msamaha wa matibabu kwa wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo. Kuna dirisha la wazee hospitalini, lenye kibandiko cha kuomba mzee apishwe mbele. Ni jambo jema, shangazi alipishwa. Alipishwa mbele kwenda kuambiwa kwamba kifaa hakipo.

Ipo pia asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo kwa sheria hugawanywa kwa mikopo: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Hesabu hiyo imekamilika na mzee hana chake. Bibi anaweza kujipenyeza kama mwanamke, endapo kikundi kitakubali kumdhamini mtu wa miaka sabini na mitano. Babu hana mlango, isipokuwa kwanza atambuliwe kuwa na ulemavu. Najua nitajibiwa kwamba mikopo ni kwa wazalishaji. Nami nauliza: dagaa walianikwa na nani?

Atakayesema fedha hazipo atazame ng'ambo ya maji, ndani ya Jamhuri hii hii. Mwaka 2016 Zanzibar ilianza kumlipa pensheni kila mkazi mwenye miaka 70 na zaidi, awe aliajiriwa au hakuajiriwa, kwa kuanzia shilingi 20,000 kwa mwezi. Kiasi kilikuwa kidogo. Ila kilimfanya mzee wa Makunduchi awe mwenye haki badala ya mwenye shida, na mwenye haki huingia ofisini kwa mwendo tofauti hata kama anachechemea. Kilichowezekana Unguja na Pemba bado kinasubiriwa Ujiji.

Wataalamu nao hawajakosekana kabisa. Moshi, katika hospitali ya KCMC, kipo tangu mwaka 1981 chuo cha kufundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi, TATCOT, ambacho kimefundisha watu wa nchi nyingi za Afrika. Tunasomesha mafundi kwa ajili ya bara zima, halafu mgonjwa wa Kigoma anaagizwa Dar es Salaam. Nafasi za ajira kwa mafundi hao katika mikoa ya pembezoni hazifunguliwi na roboti. Hufunguliwa na ofisa mmoja anayejaza ikama, na pengine anasoma sentensi hii.

Niseme neno jingine ambalo halipendezi. Katika vijiji vyetu mzee asiyetembea anazidi kuwa mtu wa ndani, na mtu wa ndani ni rahisi kushukiwa. Mkoa wa Kigoma unawajua kamchape, hao wanaojiita wasaka wachawi, wanaoingia kijijini kwa ngoma na kutaja nyumba za watu. Anayetajwa mara nyingi ni mzee, na anayeshindwa kutoka mbio ni mzee. Mwendo, kwa hiyo, si suala la starehe ya uzeeni. Bibi anayekwenda sokoni, msikitini, kanisani na kwenye mkutano wa kijiji anajulikana na kusalimiwa. Kila anayemwona anakumbuka kuwa ni mtu.

Na ziwa lenyewe halitusubiri. Tangu mwishoni mwa muongo uliopita maji yamepanda, yakameza sehemu za fukwe, nyumba na maeneo ya kuanikia. Gati lililokuwa likitosha jana leo liko chini ya maji, na mahali palipokuwa na mchanga wa kukanyaga pana mawe na matope. Miundombinu ya mwaloni italazimika kujengwa upya, tutake tusitake. Michoro itakapopelekwa mezani, ama itakuwa na ngazi yenye mkono wa kushikilia na daraja la kuelea linalopanda na kushuka pamoja na maji, ama itakuwa na mizani ya dagaa na kibanda cha ushuru. Wanaoketi kwenye meza hiyo wengi wao ni wanafunzi wangu wa zamani. Nawasalimu.

Yule kijana wa semina nilimwita ofisini. Sikumkataza kuandika juu ya roboti. Nilimwongezea sura moja. Yeye, yule binti wa swali la fimbo, na wenzao wanne wanakwenda Kigoma kwa mafunzo kwa vitendo wakati wa likizo, na watapita mialo ya kaskazini na kusini mwa mji, mmoja baada ya mwingine, kabla madiwani hawajaanza kujadili bajeti. Fomu waliyoiandaa ina maswali saba. La kwanza ni kina cha maji, kwa sentimita, mahali abiria anaposhukia. La pili ni kama boti ina ubao. La tatu, ambalo binti yule alisisitiza liandikwe kwa maneno yake mwenyewe, ni nani anayeutumia.